Medali Mbili za Baharini, Moja ya Ramani: Kumwelewa Alfréd Hajós

Ukitafuta jina la Alfréd Hajós wa Hungaria katika orodha za washindi wa Olimpiki, huenda ukabaki na maswali. Orodha moja itakuambia alishinda dhahabu mbili za kuogelea mwaka 1896. Nyingine itasema hakuwahi kushika medali ya dhahabu mkononi. Ya tatu itamwongezea medali ya fedha ya mwaka 1924, ambayo hakuipata majini wala uwanjani. Zote tatu zinasema kweli. Ili kuona inawezekanaje, inabidi tuufuate mwendo wa maisha yake, kwa sababu mtu huyu alikuwa msanifu majengo kwa kazi yake yote na bingwa wa kuogelea kwa miaka michache tu, na kazi hizo mbili zikaja kukutana mahali ambapo hakuna aliyepatarajia.

Alizaliwa Budapest tarehe 1 Februari 1878, katika familia ya Kiyahudi, akaitwa Arnold Guttmann. Jina la Hajós alilichukua baadaye, alipoanza kushindana. Alipokuwa na miaka 13 baba yake alikufa maji katika mto Danube. Wasimulizi wengi wa maisha yake husema hapo ndipo kijana alipoamua kuyajua maji barabara, na sioni sababu ya kuwapinga. Mwaka 1895, akiwa na miaka 17, alishinda mita 100 mtindo huru kwenye mashindano ya ubingwa wa Ulaya yaliyofanyika Vienna. Mwaka uliofuata alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo katika chuo cha ufundi cha Budapest, na Ugiriki ilikuwa inaandaa Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama zetu.

Athens ya 1896 haikuwa na bwawa la mashindano. Uwanja wa kale wa riadha ulikarabatiwa kwa marumaru kwa pesa za mfadhili, lakini kuogelea kulipelekwa baharini, katika ghuba ya Zea karibu na Piraeus. Ilikuwa Aprili. Maji yalikuwa na joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na upepo ulikuwa umeamsha mawimbi. Waogeleaji walipakiwa kwenye boti, wakapelekwa ndani ya ghuba hadi umbali uliotakiwa, wakaruka, kisha kila mmoja akaogelea kurudi pwani. Hapakuwa na njia zilizotenganishwa kwa kamba, wala ukuta wa kugeukia, wala mstari chini wa kuelekeza macho.

Hapa nataka tutulie kidogo, maana msomaji anayeogelea kwenye bwawa la hoteli au kwenye bahari yenye joto anaweza asielewe nyuzi 13 ni kitu gani. Maji huuondolea mwili wa mtu joto haraka mara 25 hivi kuliko hewa yenye ubaridi uleule. Dakika ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi: ngozi ikipoa ghafla, pumzi hukatika na kuanza kwenda mbio bila hiari ya mwenyewe, na anayevuta pumzi wakati wimbi linampiga usoni humeza maji. Akishavuka hapo, adui wa pili ni misuli ya mikono na miguu. Damu hukimbilia kifuani kulinda moyo, vidole vinapoteza nguvu, na mkono unaanza kupita majini bila kuyashika. Mtu anaweza kuwa na mapafu mazuri na moyo imara, bado akashindwa kwa sababu viganja vyake havifungi.

Hajós alishiriki mita 100 na mita 1,200, zote siku moja. Mita 100 aliimaliza kwa dakika 1 na sekunde 22.2, mbele kidogo tu ya waliomfuata. Alitaka pia kuingia mita 500, ambayo ilikuwa katikati ya hizo mbili, lakini ratiba haikumpa nafasi, na ushindi wake ukaenda kwa Paul Neumann wa Austria. Kwa ajili ya mita 1,200 Hajós alijipaka mafuta mazito mwili mzima, safu ya zaidi ya sentimita moja, akitumaini yangemkinga na baridi. Leo tunajua kwamba mafuta ya namna hiyo husaidia zaidi kuzuia ngozi isichubuke kuliko kuzuia joto lisitoke. Baadaye alieleza kwamba kule majini tamaa ya kushinda ilizidiwa na tamaa ya kufika pwani akiwa hai. Alifika kwa dakika 18 na sekunde 22.2. Ioannis Andreou wa Ugiriki, aliyekuwa wa pili, alifika zaidi ya dakika mbili na nusu baadaye.

Chukua nyakati hizo mbili uzigawanye. Katika shindano refu, kila mita 100 zilimchukua wastani wa dakika 1 na sekunde 32 hivi. Yaani ukilinganisha na kasi yake ya shindano fupi, alipoteza sekunde 10 tu kwa kila mita 100, licha ya umbali mara kumi na mbili, licha ya baridi, na licha ya kwamba alikuwa ameshaogelea shindano lingine siku hiyohiyo. Kwangu mimi hesabu hii inaeleza ubora wake kuliko medali. Huyu hakuwa kijana mwenye nguvu aliyebahatika. Alijua kugawa nguvu zake. Alikuwa na miaka 18, mshindi mdogo kuliko wote katika michezo ile.

Sasa fundo la kwanza linafunguka. Mwaka 1896 mshindi wa kwanza alipewa medali ya fedha pamoja na cheti na tawi la mzeituni, na wa pili akapewa medali ya shaba au shaba nyekundu. Utaratibu wa dhahabu, fedha na shaba ulianza kwenye michezo ya St. Louis mwaka 1904. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua baadaye kuwahesabu washindi wa 1896 kama washindi wa dhahabu ili rekodi zote zisomeke kwa namna moja. Kwa hiyo kwenye hesabu ana dhahabu mbili, na kwenye kabati lake alikuwa na fedha mbili.

Nyumbani Hungaria alipokewa kwa shangwe, lakini si chuoni. Chuo hakikufurahia kumruhusu kusafiri, na inasimuliwa kwamba aliporudi mkuu wa kitivo alimwambia medali zake hazimhusu, ila anasubiri kwa hamu kusikia majibu yake kwenye mtihani ujao. Wengi huisimulia habari hii kumwonyesha mkuu huyo kuwa mtu mgumu asiye na moyo. Mimi naona alikuwa anasema jambo ambalo kila mtu wa wakati ule alilijua: medali hailishi.

Hiyo ndiyo sheria iliyotawala maisha ya wanamichezo wa zama zake. Mshiriki wa Olimpiki alipaswa kuwa mwanamichezo wa ridhaa, asiyelipwa senti kwa mchezo wowote. Sheria ilikuwa na makali ya kweli. Mmarekani Jim Thorpe alishinda dhahabu mbili za riadha Stockholm mwaka 1912, na mwaka uliofuata alinyang'anywa kwa sababu aliwahi kulipwa pesa kidogo kucheza besiboli. Watetezi wa sheria hii walisema inalinda usafi wa mchezo. Kwa vitendo iliwapa nafasi wale waliokuwa na mali ya familia, au taaluma iliyowaachia saa za kufanya mazoezi, na ikawafungia mlango vibarua na mafundi waliohitaji kila saa ya siku kujipatia riziki. Ndiyo maana ukisoma habari za mabingwa wa kuogelea wa miaka ile unakutana na madaktari, wanasheria, wahandisi na maofisa wa jeshi. Neumann, yule aliyeshinda mita 500, alikuja kuwa daktari Marekani. Hajós hakuwa na taaluma kando ya mchezo kama pambo. Bila taaluma asingekuwa na njia ya kuishi, na akipokea malipo ya mchezo asingeruhusiwa kushindana.

Kuogelea kwa ushindani alikuacha mapema. Lakini michezo hakuiacha: alikuwa bingwa wa Hungaria wa mbio za mita 100, za mita 400 kuruka viunzi, na wa kurusha kisahani. Tarehe 12 Oktoba 1902 alikuwa mshambuliaji katika mechi ya kwanza kabisa ya timu ya taifa ya kandanda ya Hungaria, Vienna, ambako Austria ilishinda 5–0. Miaka minne baadaye aliifundisha timu hiyo. Ndugu yake Henrik naye alikuwa katika kikosi cha Hungaria kilichoshinda mbio za kupokezana za kuogelea Athens mwaka 1906.

Shahada ya usanifu aliipata mwaka 1899, akaenda kufanya kazi chini ya Ignác Alpár na Ödön Lechner, wasanifu wawili wenye heshima kubwa Budapest. Ni malezi ya mitindo miwili isiyofanana. Alpár alijenga kwa kufuata mitindo ya kale ya Ulaya, nguzo na kuba na mapambo ya mawe. Lechner alitafuta sura ya Kihungaria, akitumia vigae vya rangi na michoro iliyotokana na sanaa za vijijini. Baadaye Hajós alifanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Hoteli ya Aranybika mjini Debrecen, moja ya majengo mashuhuri ya mji ule, ni kazi yake ya miaka ya vita vya kwanza vya dunia. Uwanja wa klabu ya Újpest, uliofunguliwa mwaka 1922, ni wake pia.

Na hapo tunaingia kwenye fundo la pili, lile la medali ya 1924.

Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyefufua Olimpiki, aliamini kwamba Wagiriki wa kale hawakutenganisha mwili na akili, na kwamba michezo bila sanaa ni nusu ya kitu. Mwaka 1906 aliitisha mkutano Paris kulijadili, na kuanzia Stockholm 1912 mpaka London 1948 Olimpiki ilikuwa na mashindano rasmi ya sanaa yenye medali. Makundi yalikuwa matano: usanifu majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji. Sharti lilikuwa kazi iwe mpya na ihusu michezo. Coubertin mwenyewe alipeleka shairi mwaka 1912 kwa majina ya kubuni, akapewa dhahabu ya fasihi.

Mashindano haya yalikuwa na ugumu ambao haukuisha. Mbio zina saa, kuruka kuna futi kamba; shairi lina waamuzi tu. Mara kadhaa waamuzi waliona hakuna kazi inayostahili nafasi ya kwanza, wakaiacha wazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa usanifu majengo, Paris 1924. Hajós na mwenzake Dezső Lauber walipeleka mchoro wa uwanja wa michezo. Waamuzi hawakumpa mtu dhahabu. Mchoro wao ukapata fedha, tuzo ya juu kuliko zote zilizotolewa mwaka huo katika kundi lao. Lauber naye alikuwa mwanamichezo: alicheza tenisi kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908.

Katika historia yote ya Olimpiki ni watu wawili tu waliopata medali katika michezo na katika sanaa pia. Mmoja ni Mmarekani Walter Winans, mlenga shabaha aliyeshinda dhahabu mwaka 1908 na dhahabu nyingine ya uchongaji mwaka 1912. Mwingine ni Hajós. Lakini baada ya 1948 mashindano ya sanaa yalifutwa, na sababu iliyotolewa ni ileile sheria ya ridhaa: wasanii wengi walikuwa wanaishi kwa kuuza kazi zao, kwa hiyo walikuwa wanalipwa kwa jambo walilokuja kushindania. Medali za sanaa hazijumlishwi tena kwenye hesabu rasmi za nchi. Ndiyo maana orodha moja inamtaja Hajós kuwa na medali mbili na nyingine tatu, na ugomvi wao si juu ya lililotokea Paris, ni juu ya kipi kihesabiwe.

Naona hata hivyo kwamba wanaohesabu medali wanalikosa jambo lenye uzito zaidi. Tazama maji yenyewe yalivyokuwa katika miaka ile. Mwaka 1900 mashindano ya kuogelea yalifanyika katika mto Seine, na mkondo uliwasukuma waogeleaji hata nyakati zao zikawa bora kuliko uwezo wao. Mwaka 1904 yalikuwa kwenye ziwa la kuchimbwa. Mwaka 1908 London ilichimba bwawa la urefu wa mita 100 katikati ya uwanja wa riadha, na katika mwaka na mji huohuo nchi nane, Hungaria ikiwamo, zikaunda shirikisho la kimataifa la kuogelea ili kuweka kanuni moja. Bado Stockholm 1912 wakarudi kwenye maji ya ghuba, na Antwerp 1920 waogeleaji wakatetemeka katika maji baridi kupita kiasi. Ni Paris 1924, kwenye bwawa la Tourelles, ambapo bwawa la mita 50 lenye njia zilizotenganishwa lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki. Mwaka uleule ambao Hajós alipewa medali kwa mchoro wake.

Kwa maneno mengine, katika muda usiofika miaka 30 mchezo huu ulitoka kwenye kupambana na bahari ukawa kupimana kati ya mtu na mtu. Mabadiliko hayo hayakuletwa na waogeleaji. Yaliletwa na waliojenga: waliojua kuzuia maji yasivuje, kuyapasha joto, kuyasafisha, kuyafanya yatulie, na kujenga kuta zilizonyooka kiasi kwamba mita 50 za njia ya kwanza ziwe sawa na mita 50 za njia ya mwisho. Dakika 1 na sekunde 22.2 za Hajós haziwezi kuwekwa pembeni mwa sekunde 59 za Mmarekani Johnny Weissmuller katika mita 100 za Paris 1924 na kupimwa kwa rula moja. Mmoja aliogelea katika hali ya hewa, mwingine katika jengo.

Na Hajós alizijua pande zote mbili kwa mwili wake mwenyewe. Alipopewa kazi ya kusanifu bwawa la kuogelea la taifa kwenye kisiwa cha Margaret, katikati ya Danube, alichora bwawa lililofunikwa, lenye paa na majukwaa ya watazamaji, ambalo mtu angeweza kulitumia Januari kama Julai. Lilifunguliwa mwaka 1930. Sina haja ya kudai kwamba alipokuwa akichora alikuwa anaikumbuka ghuba ya Zea. Inatosha kujua kwamba mtu aliyewahi kuhofia maisha yake katika maji ya nyuzi 13 ndiye aliyewajengea vizazi vilivyofuata mahali ambapo hofu hiyo haipo, kwenye mto uleule uliomchukua baba yake.

Bwawa la ndani lina maana gani kwa nchi isiyo na bahari na yenye majira ya baridi kali? Mwogeleaji anayetegemea mto au ziwa ana miezi michache ya mazoezi kwa mwaka. Akipata paa, anapata mwaka mzima. Hungaria ilikuwa tayari na waogeleaji wazuri kabla ya hapo. István Bárány alikuwa wa pili nyuma ya Weissmuller katika mita 100 mwaka 1928, na timu ya polo ya maji ilipata fedha mwaka huohuo. Baada ya bwawa kufunguliwa, polo ya maji ilishinda dhahabu mwaka 1932 na 1936, na Ferenc Csik, daktari, akashinda mita 100 mtindo huru Berlin. Jengo peke yake halishindi, lakini nchi ndogo isiyo na pwani haiwezi kudumu kileleni mwa mchezo wa majini bila jengo.

Miaka hiyohiyo nchi ilikuwa inawageuka watu kama yeye. Tangu 1920 Hungaria ilikuwa na sheria iliyobana idadi ya Wayahudi vyuoni. Mwaka 1938 ikaja sheria nyingine iliyoweka kikomo kwa Wayahudi katika taaluma, uhandisi ukiwa mojawapo, na mwaka uliofuata kikomo hicho kikakazwa zaidi. Mwaka 1944, Ujerumani ilipoikalia Hungaria, zaidi ya Wayahudi 400,000 walisafirishwa kupelekwa kwenye kambi za mauaji katika muda usiofika miezi miwili. János Garay, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa upanga uitwao kitara, alifia katika kambi ya Mauthausen. Medali haikuwa kinga. Hajós alinusurika. Muogeleaji kijana Éva Székely, aliyefukuzwa kwenye mashindano kwa sababu ya Uyahudi wake, naye alinusurika.

Mwaka 1952 Székely alishinda mita 200 za kifua kwenye Olimpiki ya Helsinki. Katalin Szőke alishinda mita 100 mtindo huru, Valéria Gyenge mita 400, na timu ya wanawake ikashinda mbio za kupokezana. Kuogelea kwa wanawake kulikuwa na mashindano matano, na Hungaria ikachukua manne. La tano, mita 100 chali, lilikwenda Afrika, kwa Joan Harrison wa Afrika Kusini. Hajós alikuwa na miaka 74.

Alifariki Budapest tarehe 12 Novemba 1955. Bwawa la kisiwani lilipewa jina lake, likaongezewa mabwawa mengine ya nje, na likaandaa mashindano ya ubingwa wa Ulaya mwaka 2006 na tena 2010. Budapest ilipopokea mashindano ya dunia mwaka 2017, kuogelea kulihamia kwenye jengo jipya la Duna Arena kando ya mto, na polo ya maji ikachezwa kisiwani, kwake.